Mkono wa Bibi Speciosa

Jumapili, 8 Juni

Shule imefungwa juzi na kiangazi kimeshakaa. Asubuhi ukungu bado unalala kwenye migomba, lakini ikifika saa nne vumbi la barabara limekwisha kupanda madirishani. Baada ya misa tulifanya kikao cha kwanza cha Tamasha la Vitabu na Sanaa, watu saba ndani ya chumba chetu cha maktaba, ambacho zamani kilikuwa ghala na mpaka leo ukifungua mlango kinanukia kahawa. Huu ni mwaka wa tano. Benedicta, mwalimu mwenzangu na mwenyekiti wa kamati, alitangaza tarehe: Jumamosi, 16 Agosti, siku moja baada ya sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, ili watu waliokuja kusali hapa Nyamiaga wabaki. Kutakuwa na ngoma, ngonjera, picha za wanafunzi, vikapu, na muuza vitabu kutoka Mwanza ameahidi kuja tena.

Mimi nimepewa kijitabu. Kila mwaka tunachapisha masimulizi ya wazee wa hapa, yanagawiwa mashuleni mwezi wa saba, na wanafunzi wanashindana kuyasoma kwa sauti siku ya tamasha. Miaka minne yote ameandika Benedicta. Mwaka huu amesema, "Mwalimu Anneth ana mkono wa kuandika, tumwachie." Nilijifanya sikufurahi.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda kwa Bibi Speciosa kumwomba aonyeshe ushonaji wa vikapu siku ya tamasha. Anakaa peke yake bondeni, nyumba ndogo ya bati, vikapu vyake vya mfuniko vinajulikana mpaka Ngara mjini. Nikamwambia anisimulie alivyojifunza kazi hiyo, nikatoa daftari. Yeye akasimulia kitu kingine kabisa.

Yeye si wa hapa. Ni Msubi wa Biharamulo, Kisubi chake amekifunika kwa Kihangaza, lugha ya hapa, miaka ishirini na miwili. Kule kijijini kwao mtoto wa shemeji yake alikufa ghafla, na baada ya wiki moja watu hawakumsalimu tena kisimani. Halafu wakaja mchana, wengine aliwapakata wakiwa wachanga. Panga la kwanza alilikinga kwa mkono wa kushoto. Ndipo vilipokwenda vile vidole viwili vya mwisho, ambavyo sisi wote tunaamini alijikata akipasua kuni. Alikimbilia msituni, akatoka barabarani alfajiri, lori la mahindi likamfikisha Nyakanazi, na kutoka hapo hakurudi nyuma.

Nilimuuliza kwa nini ananiambia mimi. Akasema amezeeka na hajawahi kumwambia mtu, na kwamba nina uso wa kusikiliza. Kisha akasema, "Andika, mwanangu. Lakini jina langu usiweke, na kijiji usiweke."

Niliahidi.

Jumanne, 17 Juni

Nimeandika siku tano. Nimembadilisha jina, nimebadilisha kijiji, lori la mahindi nimelifanya la mbao. Mkono nimeuacha. Nilijaribu kuufanya kovu la begani, hadithi ikapoa. Sentensi ya mwisho inasema kwamba mpaka leo anashona kwa vidole vitatu na kazi yake haina kasoro. Ni sentensi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika.

Alhamisi, 19 Juni

Wamechoma nyasi mlima wa ng'ambo. Moshi kutwa. Watoto wanakohoa.

Jumamosi, 28 Juni

Vijitabu vimefika. Mume wangu Aristides, ambaye anafanya kazi kituo cha mafuta Nyakanazi na hurudi kila baada ya wiki mbili, alivipokea kwenye basi la Mwanza akavileta mwenyewe. Nakala mia mbili. Alisoma simulizi la Bibi amekaa mlangoni, hata viatu hajavua. Alipomaliza akasema kwamba hakujua naweza kuandika hivi. Nimeandika maneno yake hapa ili nisiyasahau.

Jumatano, 9 Julai

Shule zimefunguliwa. Vijitabu vimegawiwa shule zote za kata, vingine vimekwenda Kasulo.

Jumatatu, 14 Julai

Ofisini leo, wakati wa chai, Benedicta alikuwa na kijitabu mezani. Alinisifu mbele ya walimu wote. Kisha akainua mkono wake wa kushoto, akakunja vidole viwili vya mwisho, akasema, "Huyu si Bibi Speciosa?"

Wenzangu wakacheka kidogo, halafu wakaacha. Nikasema hapana, ni mtu wa mbali. Mwalimu wa hesabu akauliza kama huyo mtu wa mbali naye anashona vikapu. Nikaenda kuosha kikombe changu. Jioni nililisoma upya simulizi lote, nikaona kwamba nilificha kila kitu isipokuwa yeye.

Jumanne, 15 Julai

Nimeanza kuvikusanya. Nimewaambia walimu wakuu kuna makosa ya uchapaji, tutarudishiwa vingine.

Alhamisi, 17 Julai

Nimepata nakala sitini na moja. Zilizobaki zimekwenda majumbani. Na sasa kwa kuwa nazitafuta, watu wanaulizana kuna nini ndani, na wasiosoma wanasomewa.

Jumapili, 20 Julai

Misa ya pili. Bibi Speciosa alikaa mahali pake, benchi la tatu upande wa akina mama. Kanisa lilijaa mpaka watu wamesimama mlangoni, na benchi lake lilikuwa na yeye peke yake. Wakati wa kutakiana amani aligeuka nyuma na mkono wake ukabaki hewani. Mimi nilikuwa benchi la sita. Nilijiambia ni mbali.

Jumanne, 22 Julai

Nilikwenda kwake kumwambia. Yeye hasomi, kwa hiyo hajui kilichoandikwa. Alinipikia maharage, akanionyesha kikapu anachokishonea tamasha, chenye mistari myekundu na myeusi inayozunguka mpaka juu. Nilikula, nikamsifu, nikaaga. Sikumwambia.

Jumatano, 23 Julai

Upepo. Sikumwambia leo pia.

Jumamosi, 26 Julai

Asubuhi alikuja yeye. Hajawahi kuja kwangu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akabaki amesimama uani. Akasema mama wa duka amemrudishia vikapu sita, eti wateja hakuna. Watoto waliokuwa wakimchotea maji wamekatazwa. Na leo alfajiri amekuta majivu yamemwagwa mstari mzima mbele ya mlango wake, toka ukuta hadi ukuta.

"Ninajua inavyokwenda," akasema. "Kwanza salamu, halafu maji. Uliandika nini, mwanangu?"

Nikamwambia yote. Aliniomba nimsomee. Nilileta kijitabu, nikasoma pale uani nikiwa nimesimama, na yeye akisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipofika kwenye ile sentensi ya mwisho nilitaka kuiruka, lakini nikaisoma. Akasema tu, "Umeuacha mkono."

"Ndiyo, Bibi."

"Kwa nini?"

Jibu la kweli lilikuwa kwamba sentensi ilikuwa nzuri, na hilo haliwezi kusemwa mbele ya mtu aliyekosa vidole. Akajifunga khanga yake vizuri akashuka bondeni. Hakuwa na hasira, na ningeona nafuu kama angekuwa nayo.

Jumanne, 29 Julai

Mtoto wa Clarisse anaumwa. Clarisse ni jirani wa Bibi, nyumba zao zimetenganishwa na shamba la kahawa tu. Mtoto ni wa kike, hajafikisha miaka miwili, jana alishikwa na homa akakakamaa mikono na macho yakageuka. Wamempeleka hospitali kwa bodaboda, mama na mtoto na baba, watu wanne juu ya pikipiki moja.

Kisimani wanasema kwamba wiki iliyopita Bibi Speciosa alimpakata. Huyo mtoto amepakatwa na Bibi tangu azaliwe, hata kitovu kilidondokea mapajani mwake, na wote wanajua.

Jumatano, 30 Julai

Malaria kali. Ameongezewa damu. Kisimani hakuna anayezungumzia malaria.

Ijumaa, 1 Agosti

Telesfori, mwenyekiti wetu wa kitongoji, alinifuata shuleni. Ni mtu mfupi, mpole, ana baiskeli ya zamani na daftari la kitongoji analolibeba kwenye mfuko wa nailoni. Miaka yote nimemwona mtu wa kugonga mihuri na kupeleka matangazo. Alizunguka mno kabla ya kufika kwenye neno. Mwisho akasema Bernardo, mume wa Clarisse, amekwenda kupiga ramli huko upande wa Biharamulo, na aliyempigia amemwambia kwamba anayemla mtoto hana mkono mzima. Akaniomba nimwondoe Bibi hapa kwa mwezi mmoja, aende kokote. Nikamuuliza yeye kama mwenyekiti atafanya nini. Akasema ana filimbi na sungusungu wanne, na wawili kati ya hao wanne ni ndugu zake Bernardo.

Nilimwambia kwamba kama anaogopa asingegombea. Aliinamisha macho, akapanda baiskeli.

Mtu aliyepiga ramli hakuhitaji pepo kumwonyesha mkono. Kijitabu kimefika mpaka huko.

Jioni, kabla ya jua kuzama, nilishuka bondeni nikamchukua Bibi. Alikuja na kikapu chake, sindano, mashada ya nyasi na blanketi. Mlango alifunga kwa kufuli, akaujaribu mara mbili.

Jumamosi, 2 Agosti

Aristides amepiga simu. Habari zimefika Nyakanazi kabla sijamwambia. Hakupandisha sauti, akasema, "Anneth, ndani ya hiyo nyumba kuna watoto wangu wawili." Nikasema najua. Akasema nimtafutie Bibi mahali pengine leo hii. Nikakata simu, jambo ambalo sijawahi kulifanya.

Jumapili, 3 Agosti

Hatukwenda misa. Saa kumi na moja jioni mawe matatu yaligonga bati. Watoto walikuwa uani wanaosha vyombo. Niliwaingiza ndani nikafunga madirisha yote, tukakaa kwenye joto. Bibi aliendelea kushona. Aliwafundisha watoto kuhesabu mishono kwa Kisubi, na binti yangu akacheka, na mimi nikamkaripia kwa kucheka, sijui kwa nini.

Jumatatu, 4 Agosti

Karatasi imepenyezwa chini ya mlango wa maktaba. MWARIMU TOA HUYO BIBI KABRA HATUJAKUJA WENYEWE. Imeandikwa kwa herufi kubwa na makosa ya makusudi, ili mwandiko usijulikane, lakini nimesahihisha mwandiko huo miaka mitatu. Ni msichana wa kidato cha nne, ndiye atakayeshinda shindano la kusoma. Mwezi uliopita alinijia ofisini akaniambia kwamba simulizi la yule bibi limemliza.

Darasani leo nilifundisha nikiwa nimeupa ubao mgongo muda wote. Sikutaka kuwageuzia wao mgongo.

Jumanne, 5 Agosti

Nataka kuandika sasa, kabla sijaanza kujisimulia vingine.

Walikuja saa tisa mchana. Jua lilikuwa kali, hakuna ukungu, hakuna giza, kila uso ulionekana. Nilikuwa nimerudi kutoka shuleni kula. Nilisikia kwanza kimya: kuku waliacha, redio ya jirani ikazimwa. Nikachungulia dirishani. Watu kama ishirini walikuwa wanapanda njia ya kwetu bila kusema neno. Mbele alikuwa Bernardo, macho mekundu kwa kukosa usingizi, mikono mitupu. Nyuma yake ndugu zake wawili, mmoja na panga, mwingine na gongo. Nilimwona fundi baiskeli. Nilimwona baba aliyetubebea maboksi ya vijitabu toka barabarani siku ile vilipofika, akatabasamu na kunipongeza. Wanawake walikuwa nyuma, wamejifunga vitenge kama wanaokwenda msibani.

Niliwaambia watoto waingie chumbani na Bibi wakae chini ya dirisha. Nikatoka. Lango letu ni la mabanzi, mtu akilisukuma kwa bega linaanguka. Nilisimama nyuma yake, na nataka niandike kweli: nilifikiri kuwaambia mchukueni. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nilifikiria watoto wangu, na neno likaja lenyewe, tamu kabisa.

Bernardo alisema kwa upole, "Mwalimu, hatuna ugomvi na wewe. Mtoe."

Hapo ndipo Telesfori alipofika. Alikuwa anasukuma baiskeli kwa kukimbia, ndala moja imekatika, jasho linamtiririka. Aliwapita wote, akailaza baiskeli mbele ya lango langu, akakaa juu ya jiwe tunalofulia nguo. Akatoa daftari kwenye mfuko wa nailoni. Alitafuta kalamu mifuko yote miwili, akaipata kwenye kola. Hakuwatazama. Akafungua ukurasa mpya akaandika tarehe, akiitamka anapoandika.

"Bernardo," akasema. "Baba yako anaitwa nani vile?"

Bernardo akamtazama kama asiyesikia. Telesfori akauliza tena, kwa sauti ileile ya siku za kuandikisha watu wa mbolea ya ruzuku. Bernardo akajibu. Nadhani alijibu kwa mazoea tu. Telesfori akaandika, akahamia kwa ndugu yake, akamuuliza jina kamili na kitu alichoshika mkononi. "Panga moja," akatamka akiandika. Akahamia kwa wa tatu. Kila mmoja alimuuliza jina la baba, ingawa baba zao wote anawajua, wengine aliwazika.

Alipofika wa saba au wa nane, wale wa nyuma walianza kurudi hatua hatua. Fundi baiskeli akasema yeye alikuwa anapita tu. "Nitaandika kwamba ulikuwa unapita," Telesfori akasema, akaandika.

Kisha akainua uso. "Nimesoma kitabu cha mwalimu," akasema. "Nimekisoma mara mbili. Bibi yumo humo, mpaka mkono wake umo. Waliomkata hakuna jina hata moja. Hapa kwangu majina yatakuwemo."

Watu wakaanza kutawanyika, mmoja mmoja, wengine wakipitia shambani ili wasionekane njiani. Mwenye panga alikuwa amelificha nyuma ya mguu. Akabaki Bernardo peke yake, analia bila kujifuta, akauliza, "Na mwanangu akifa, mwenyekiti?"

Telesfori akasema, "Akifa tutamzika, baba. Wote tutakuja. Lakini tutamzika yeye peke yake."

Bernardo alipoondoka, Telesfori alifunga daftari akalirudisha kwenye mfuko wa nailoni. Aliomba maji, na kikombe kiligonga meno yake mpaka maji yakamwagika kifuani. Aliniambia polisi alikuwa amewapigia simu tangu asubuhi. Walifika saa kumi na mbili.

Nilipoingia chumbani nilimkuta Bibi amekaa chini ya dirisha, watoto wangu kila upande. Amevua ndala, amejifunga khanga kiunoni kwa mafundo mawili, na sketi ameipandisha juu ya magoti. Nilidhani ni joto. Kisha nikaelewa. Bibi wa miaka sabini na zaidi, alikuwa amejiandaa kukimbia.

Jumatano, 6 Agosti

Aristides amekuja na basi la asubuhi bila taarifa. Alimwamkia Bibi, akatoa nyundo, akashinda anatengeneza lango. Jioni alilisukuma kwa bega, likakaa. Akaniambia kwamba ameomba ruhusa ya siku kumi.

Jumamosi, 9 Agosti

Mtoto wa Clarisse ametoka hospitali. Anakula. Nilipiga magoti nikashukuru.

Nikaenda kisimani nikiwa nimeinua kichwa, nikidhani yamekwisha. Akina mama walinipisha nichote wa kwanza. Mmoja akaniambia kwa sauti ya chini, kwa heshima kabisa: "Amemwachia. Alipoona majina yameandikwa, akamwachia mtoto."

Nilirudi na ndoo nusu, nyingine nimemwaga njiani.

Jumanne, 12 Agosti

Kikao cha mwisho. Benedicta alipendekeza tuondoe simulizi kwenye shindano na tuondoe meza ya vikapu, kwa ajili ya usalama. Aliongeza kwamba itabidi watu waelezwe kuwa kijitabu kiliandikwa na mtu mmoja bila kamati kukipitia. Kamati ilikipitia, na yeye ndiye aliyesahihisha nukta zangu. Niliangalia mezani, nikakumbuka miaka tisa ya urafiki, ubatizo wa watoto, mazishi ya mama yangu ambapo Benedicta alilala kwangu siku nne. Sikugombana naye. Mimi nilimfanyia Bibi vibaya zaidi. Nilisema tu kwamba habari ya meza atajibu Bibi mwenyewe.

Bibi alijibu akiwa anakata uzi kwa meno. Atakuja. Akijificha, akasema, itakuwa amekubali.

Ijumaa, 15 Agosti

Kupalizwa. Watu wengi. Sijalala vizuri siku tatu.

Jumamosi, 16 Agosti

Tamasha limefanyika. Muuza vitabu alikuja, akatandika turubai lake chini ya mikaratusi. Ngoma zilipigwa, watoto wa msingi walisema ngonjera, mkuu wa shule alisoma hotuba ndefu. Kama mtu angepita kwa gari kwenda Rusumo angeona sherehe.

Bibi Speciosa alikaa kwenye mkeka karibu na mlango wa maktaba, kikapu mbele yake. Kumzunguka palibaki wazi, mahali pa kutosha kuegesha gari, na katika umati ule hakuna aliyepakanyaga. Mimi na Aristides tulisimama pembeni. Telesfori alikuwa langoni na daftari lake. Kila kijana akiingiza mkono mfukoni nilimtazama mpaka autoe.

Kama saa nane umati ulijigawa akaja Clarisse. Mtoto mgongoni, na mkononi kuku mweupe amefungwa miguu. Ngoma zilikuwa zimepumzika. Alifika ukingoni mwa pale palipo wazi, akapiga magoti, akaja kwa magoti mpaka kwenye mkeka. Akamweka kuku chini. Akasema, na watu wote walisikia, "Bibi, asante kwa kunirudishia mtoto. Pokea. Usimtake tena."

Nilimtazama Bibi, na nikaelewa, na nadhani wengi walielewa. Akimpokea kuku, amemaliza. Hakuna atakayemgusa mpaka kufa kwake, maji atachotewa, vikapu vitanunuliwa, kwa kuwa wote watamwogopa. Ilikuwa ni kunyoosha mkono tu. Mimi, Mungu anisamehe, nilitaka ampokee.

Alikaa muda mrefu anamtazama yule kuku. Kisha akamfungua miguu. Kuku akasimama, akayumba, akakimbilia kwa muuza vitabu.

"Mtoto wako alikuwa na malaria," Bibi akasema. "Mimi sina wa kumrudisha wala wa kumchukua. Kaa."

Clarisse hakuthubutu kukataa, akakaa. Bibi hakumgusa mtoto wala hakumtazama, alirudi kwenye kushona. Ngoma zikaanza tena baada ya muda, kwa wasiwasi. Clarisse alikaa pale mkekani saa nzima, uso umekauka, anaogopa kubaki na anaogopa kuondoka. Mtoto aliamka, akashuka mgongoni, akatambaa akashika nyasi za Bibi akazitia mdomoni. Clarisse alizitoa mdomoni mwa mtoto, akazishika mkononi, na Bibi alipohitaji unyasi mwingine alinyoosha mkono wake wa kushoto bila kuinua macho. Clarisse akautazama ule mkono. Akampa unyasi. Baadaye akampa mwingine.

Hakuna mwingine aliyekaribia. Sitaandika kwamba walikaribia.

Yule msichana wa kidato cha nne alishinda shindano kwa simulizi jingine. Alipokuja kupokea zawadi yake ya vitabu mikononi mwangu, hakuweza kunitazama. Nilimpa.

Jumapili, 17 Agosti

Bibi amerudi kwake. Tulimkatalia, akachukua blanketi lake.

Jumanne, 19 Agosti

Nimeshuka bondeni baada ya vipindi. Njia nzima niliogopa nitakachokikuta. Mlango ulikuwa wazi. Yeye alikuwa nyuma ya nyumba anatandaza maharage juani. Majivu hakuna. Ndoo ya maji ilikuwa mlangoni, imejaa, na sikuuliza nani ameichota kwa kuwa niliogopa jibu.

Nilimwamkia. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba msamaha vizuri, kwa maneno niliyoyapanga njia nzima, na nilipoanza akaniinulia kiganja ninyamaze. Akanipa kigoda. Tulichambua maharage pamoja mpaka jua likageuka. Aliniambia Clarisse alipita asubuhi, akasalimia akiwa njiani, hakuingia. Akasema kwamba usiku bado analala amevaa. Nikamuuliza mpaka lini. Akasema kule kwao alilala hivyo mwezi mmoja na wakaja siku aliyoacha, kwa hiyo hajui.

Nilipoaga alinisindikiza mpaka mwisho wa shamba la kahawa. Hapo akasimama, akanishika mkono.

"Mwanangu," akasema, "usiniandike tena."

Nimemwahidi. Kwa hiyo naishia hapa.